Mahali pa Kipokezi, Maana ya Ujumbe: Utando wa Seli na Endositosisi katika Uwasilishaji wa Ishara

Ikisiri

Kwa muda mrefu utando wa seli umefundishwa kama mpaka unaotenganisha ndani na nje, na endositosisi ikaelezwa kama njia ya seli kujipatia chakula au kuondoa vitu ambavyo vimekwisha kazi. Makala haya yanaeleza jinsi utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1960 ulivyoupanua uelewa huo. Hoja kuu ni kwamba maana ya ujumbe unaoifikia seli haitokani na homoni na kipokezi chake pekee. Hutokana pia na mahali kipokezi kilipo, muda kinaokaa hapo, na njia kinayopelekwa baada ya kumezwa. Makala yanaanza na muundo wa utando, yanafuata safari ya kipokezi kutoka juu ya seli hadi ndani, kisha yanachambua mifano mitatu yenye uzito katika afya ya jamii: tiba ya pumu, udhibiti wa kolesteroli, na usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya artemisinini katika Afrika Mashariki. Mwishoni yanajadiliwa mambo yanayowahusu watunga sera katika uteuzi wa dawa, ufuatiliaji wa usugu na matumizi ya istilahi.

1.0 Utangulizi

Kila seli ya mwili hutegemea habari kutoka nje. Seli ya misuli inahitaji kujua kwamba sukari imepanda katika damu. Seli ya ngozi inahitaji kujua kwamba jirani yake amejeruhiwa. Seli ya kinga inahitaji kutambua kwamba virusi vimeingia. Habari hizo huifikia seli kupitia utando wenye unene wa takriban nanomita 5. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa nanomita 100,000 hivi. Kwa hiyo tando zipatazo 20,000 zingepangwa moja juu ya nyingine ndipo zilingane na karatasi moja.

Homoni kama insulini na adrenalini haziwezi kuupenya utando huo zenyewe. Hushikwa na vipokezi, yaani protini zilizopita katika utando, ambazo upande wake wa nje hupokea molekuli na upande wake wa ndani huanzisha mfuatano wa mabadiliko ya kikemia. Maelezo ya zamani yaliishia karibu na hapo: kipokezi hupokea ujumbe kikiwa juu ya seli, ujumbe hupelekwa ndani, kisha seli hukimeza kipokezi ili kuunyamazisha ujumbe. Kwa maelezo hayo, endositosisi ilikuwa nukta ya mwisho wa sentensi.

Maelezo hayo ni ya kweli kwa kiasi fulani, lakini yameacha jambo kubwa nje. Kipokezi kilichomezwa mara nyingi huendelea kusema, na yale kinayoyasema kikiwa ndani huweza kutofautiana na yale kilichoyasema kikiwa juu. Jambo hili linawahusu pia walio nje ya maabara. Takriban thuluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya kundi moja tu la protini za utando, yaani vile vinavyofanya kazi na protini G. Anayeamua dawa ipi inunuliwe, itumiwe kwa muda gani na ifuatiliwe vipi, anaamua pia, hata kama hajui, juu ya safari za vipokezi hivyo.

2.0 Utando si ukuta

2.1 Tabaka mbili za lipidi

Mwaka 1925 Evert Gorter na François Grendel, wakifanya kazi Leiden, Uholanzi, walitoa lipidi kutoka katika seli nyekundu za damu na kuzitandaza juu ya maji. Eneo lililofunikwa lilikuwa takriban mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Walihitimisha kwamba utando umejengwa kwa tabaka mbili za lipidi, vichwa vinavyopenda maji vikielekea nje na mikia isiyopenda maji ikikutana katikati. Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walikamilisha picha hiyo kwa kielelezo cha mozaiki majimaji: protini zimepachikwa katika lipidi, na nyingi kati yake zinaweza kusogea upande kwa upande kama mashua juu ya maji yaliyotulia.

Katika matini kadhaa za Kiswahili utando wa seli ya mnyama huitwa ukuta. Tatizo la jina hilo ni zaidi ya uteuzi wa neno. Ukuta wa seli upo kwenye mimea, kuvu na bakteria wengi, nao ni mgumu na hukaa mahali pake. Utando ni laini, hujikunja, hukatika na kuungana tena bila kuvuja. Anayeufikiria kama ukuta atauliza maswali ya milango na kufuli tu. Anayeufikiria kama utando ataweza kuuliza swali la msingi la makala haya: sehemu ya utando inapokatika na kuingia ndani pamoja na vipokezi vyake, ujumbe unakuwaje?

2.2 Anwani zilizoandikwa kwa lipidi

Lipidi za utando hazifanani. Upande wa ndani wa utando wa nje una lipidi chache ziitwazo fosfoinositidi, ambazo vimeng'enya huweza kuzibadilisha haraka kwa kuongeza au kuondoa kundi la fosfati. Aina moja hupatikana zaidi kwenye utando wa nje. Aina nyingine hupatikana kwenye vifuko vya awali vilivyo ndani ya seli. Protini nyingi hutambua aina moja na kuipuuza nyingine. Kwa hiyo lipidi hizi hufanya kazi kama anwani: protini inayosafiri ndani ya seli hujua imefika wapi kwa kusoma lipidi iliyopo. Anwani hizo hukamilishwa na protini za kundi la Rab. Rab5 hutambulisha vifuko vya awali, Rab7 vile vinavyoelekea kwenye uharibifu, na Rab11 vile vinavyorudi juu.

Umuhimu wa mpangilio huu kwa ishara ni dhahiri. Kipokezi hakifanyi kazi peke yake; huhitaji washirika. Kikiwa juu ya seli hukutana na washirika walioitwa na anwani ya hapo. Kikiwa ndani hukutana na wengine. Kipokezi ni kilekile, homoni ni ileile, lakini wasikilizaji wamebadilika.

3.0 Endositosisi: safari na njia panda zake

Élie Metchnikoff aliona seli zikimeza vitu vigeni alipokuwa Messina, Italia, mwaka 1882. Jina endositosisi lilipendekezwa na Christian de Duve mwaka 1963. Mwaka uliofuata Thomas Roth na Keith Porter walichapisha picha za hadubini ya elektroni za mayai machanga ya mbu aina ya Aedes aegypti. Mbu jike anapokunywa damu, mayai yake huanza kufyonza kwa wingi protini ya kiini cha yai. Roth na Porter waliona kwamba protini hiyo huingia kupitia vishimo vyenye utando uliovikwa koti la nyuzinyuzi. Mwaka 1975 Barbara Pearse alifanikiwa kuvitenga vifuko vyenye koti hilo na kutambua protini yake kuu, aliyoipa jina la klathrini.

Utaratibu wake leo unajulikana vizuri. Protini za kuunganisha hushika mkia wa kipokezi upande wa ndani pamoja na fosfoinositidi ya utando wa nje. Klathrini hujipanga juu yake kama tenga la matundu, na utando hujipinda kuwa kishimo. Protini iitwayo dainamini huizunguka shingo ya kishimo na kuikata. Kifuko chenye upana wa takriban nanomita 100 huachwa huru ndani ya seli, huvua koti lake na kuungana na endosomu. Ipo pia mikondo mingine isiyotumia klathrini, ikiwemo ile ya vishimo vyenye kolesteroli nyingi na ile ya kunywa majimaji kwa mafungu makubwa.

Kiasi cha kazi hii ni kikubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1976 Ralph Steinman na wenzake walipima na kukuta kwamba makrofaji huingiza ndani utando unaolingana na eneo lake lote la nje katika muda wa takriban nusu saa, na seli ya fibroblasti katika saa mbili hivi. Seli hazisinyai kwa sababu sehemu kubwa ya utando huo hurudishwa. Utando wa nje, basi, ni kituo kimoja katika mzunguko usiokoma.

Ndani ya endosomu kuna njia panda. Pampu za protoni huongeza asidi hadi kufikia kiwango cha pH 6 hivi, na homoni nyingi huachana na vipokezi vyake kwa sababu hiyo. Baadhi ya vipokezi hurejeshwa juu kufanya kazi tena. Vingine hubandikwa protini ndogo iitwayo ubikwitini, huingizwa katika vifuko vya ndani zaidi na kupelekwa kwenye lisosomu, ambako pH hushuka hadi karibu 5 au chini zaidi na vimeng'enya huvisagasaga. Njia ya kwanza huiacha seli ikiwa tayari kusikia tena. Ya pili huipunguzia uwezo wa kusikia. Kati ya njia hizo mbili kuna muda, na katika muda huo ujumbe huendelea.

4.0 Ujumbe unaoendelea ndani

4.1 Ushahidi kutoka kwa kipokezi cha kikuzaji

Graham Carpenter na Stanley Cohen walionyesha mwaka 1976 kwamba kikuzaji cha seli za ngozi, EGF, hushikwa juu ya seli, humezwa na kuharibiwa. Matokeo hayo yaliunga mkono wazo la endositosisi kama mwisho wa ujumbe. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, Amandio Vieira, Christophe Lamaze na Sandra Schmid walitumia seli zenye dainamini iliyoharibiwa ili vipokezi vya EGF vishindwe kuingia. Kama endositosisi ingekuwa kizimio tu, kuizuia kungeongeza ishara zote. Haikuwa hivyo. Baadhi ya ishara ziliongezeka, lakini nyingine, ikiwemo ile inayoamsha kimeng'enya cha MAPK, zilipungua. Jibu la seli kwa kikuzaji kilekile lilibadilika sura.

Kiasi cha kikuzaji nacho huamua njia. Katika aina kadhaa za seli, EGF ikiwa kidogo vipokezi huingia hasa kwa klathrini na vingi hurejeshwa, hivyo ishara hudumu. EGF ikiwa nyingi, sehemu ya vipokezi huingia kwa njia isiyotumia klathrini na kupelekwa kuharibiwa. Seli hupima wingi wa ujumbe kwa kuchagua mlango, na mlango uliochaguliwa huamua ujumbe utaishi kwa muda gani. Wagonjwa wa saratani wanahusika hapa moja kwa moja: ndugu wa kipokezi hiki, HER2, humezwa kwa shida, na katika baadhi ya saratani za matiti hujazana juu ya seli na kuendelea kuihimiza igawanyike.

4.2 Neva na ujumbe unaosafirishwa

Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye neva. Neva inayofika kwenye vidole vya mguu ina mkia wenye urefu wa karibu mita moja, ilhali kiini chake kiko karibu na uti wa mgongo. Kikuzaji cha neva kinachotolewa na ngozi ya kidole lazima kisikike kwenye kiini, vinginevyo neva changa hufa. Molekuli za kawaida za ishara zikiachwa zisambae zenyewe zingepotea njiani. Seli hutatua tatizo hilo kwa kukimeza kipokezi pamoja na kikuzaji chake, na kukibeba ndani ya endosomu juu ya reli za protini hadi kwenye kiini, kikiwa bado kimeamka. Hapa endosomu ndiyo mbebaji wa ujumbe.

4.3 Kipokezi cha adrenalini kinachonena mara mbili

Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya vipokezi vinavyofanya kazi na protini G. Kimojawapo ni kipokezi cha adrenalini aina ya beta-2. Ilijulikana kwamba kipokezi hiki kikishaamshwa hutiwa fosfati, hushikwa na protini iitwayo arestini, hunyamazishwa na kuvutwa ndani. Mwaka 2013 maabara ya Mark von Zastrow huko California ilitumia kipande kidogo cha kingamwili kilichotokana na lama, mnyama wa jamii ya ngamia, ambacho hushika kipokezi hicho pale tu kinapokuwa kimeamka. Kipande hicho kilionekana kwanza kwenye utando wa nje, kisha, dakika chache baadaye, kwenye endosomu. Kipokezi kilikuwa kimeamka mara ya pili, ndani ya seli, na kilichangia kutengeneza molekuli ya cAMP. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba sehemu hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi katika kuwasha baadhi ya jeni.

4.4 Mahali kama kinga dhidi ya kosa

Kipokezi cha kinga kiitwacho TLR9 hutambua DNA ya bakteria na virusi. DNA ya mwili wenyewe haiko mbali nayo kwa kemia, na ingeweza kutambuliwa kimakosa. Seli hujikinga kwa kukiweka TLR9 ndani ya endosomu, na hata huko hakifanyi kazi mpaka kikatwe na vimeng'enya vinavyohitaji asidi. DNA ya mwili inayoelea nje huharibiwa haraka na mara chache hufika huko. Ile ya virusi hufika ikiwa imefungwa ndani ya virusi vyenyewe. Mwaka 2006 kipokezi hicho kilipobadilishwa katika maabara ili kikae juu ya seli, kilianza kuitikia DNA ya mwili wenyewe. Mahali pake palikuwa sehemu ya akili yake.

Klorokwini, dawa iliyotumiwa kwa miongo mingi dhidi ya malaria, hujikusanya ndani ya endosomu na lisosomu na kupunguza asidi yake. Uwezo huo wa kuvuruga ishara za vipokezi kama TLR9 ni sehemu ya sababu zinazoifanya jamaa yake, hidroksiklorokwini, kuwa nguzo ya tiba ya lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe.

5.0 Mifano mitatu kutoka katika afya ya jamii

5.1 Pumu: kipokezi kinapochoshwa

Dawa ya kuvuta ya salbutamoli huamsha kipokezi cha beta-2 kwenye misuli ya njia za hewa, nayo hulegea. Nafuu huja ndani ya dakika chache, na kwa mgonjwa anayehema kwa shida dawa hiyo ni mkombozi. Lakini kipokezi kinachoamshwa mara kwa mara huvutwa ndani, na uchochezi ukiendelea kwa siku nyingi sehemu ya vipokezi hupelekwa kwenye lisosomu badala ya kurudi. Idadi yake juu ya seli hupungua. Miongozo ya Mpango wa Kimataifa wa Pumu, GINA, inaeleza kwamba matumizi ya mfululizo ya dawa za aina hii, hata kwa wiki moja au mbili, huambatana na upungufu wa vipokezi na kudhoofika kwa kinga ya njia za hewa.

Tangu mwaka 2019 GINA haipendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa hizi pekee, bila dawa ya kotikosteroidi ya kuvuta. Sababu kuu ni kwamba salbutamoli haitibu uvimbe ulio chanzo cha pumu, lakini safari ya kipokezi inaongeza uzito: kotikosteroidi huihimiza seli itengeneze vipokezi vipya vya beta-2, na hivyo huziba pengo linaloachwa na endositosisi. Mfumo wa afya unaonunua salbutamoli kwa wingi kwa sababu ya bei yake, ukaacha kotikosteroidi ya kuvuta nje ya zahanati, unaweza kuwa unanunua nafuu ya leo kwa gharama ya mashambulizi ya kesho.

5.2 Kolesteroli: kipokezi kinaposhindwa kuingia

Michael Brown na Joseph Goldstein, walioanza kazi yao Dallas, Marekani, na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, waligundua kipokezi kinachoondoa LDL, chembe zinazobeba kolesteroli katika damu. Katika hali ya kawaida kipokezi hiki huingia na kutoka kila baada ya dakika 10 hivi, na huweza kufanya safari zaidi ya mia moja kabla ya kufa. Mgonjwa mmoja kati ya wale waliochunguzwa alikuwa na vipokezi vilivyoshika LDL vizuri kabisa lakini havikuingia ndani. Mwaka 1986 kosa lilibainishwa: asidi amino moja tu kwenye mkia wa kipokezi, tairosini ya nafasi ya 807, ilikuwa imebadilishwa kuwa sisteini, na mashine ya klathrini haikuweza kuushika mkia huo. Kushika bila kuingia kulileta ugonjwa uleule wa kutokuwa na kipokezi.

Sura ya pili ya habari hii inaigusa Afrika moja kwa moja. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba jeni iitwayo PCSK9 huhusika na kolesteroli nyingi ya kurithi. Protini yake hushika kipokezi cha LDL na kukipeleka kwenye lisosomu badala ya kukiacha kirudi juu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba asilimia 2.6 ya washiriki weusi katika utafiti wao wa miaka 15 walikuwa na mabadiliko yanayoizima nakala moja ya jeni hiyo. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 88. Badiliko mojawapo, C679X, limeonekana pia Zimbabwe. Kutokana na ugunduzi huo zilitengenezwa dawa za kingamwili dhidi ya PCSK9, zilizoidhinishwa kuanzia mwaka 2015. Urithi wa watu wenye asili ya Afrika ulifungua njia ya dawa ambazo, kwa bei yake, wagonjwa wengi wa Afrika hawazifikii.

5.3 Malaria: kimelea kinapopunguza kumeza

Mfano wa tatu hauhusu kipokezi, lakini kanuni yake ni ileile: kinachoingia, na wakati kinapoingia, ndicho kinachoamua matokeo. Kimelea cha Plasmodium falciparum huishi ndani ya seli nyekundu ya damu na humeza himoglobini kwa endositosisi. Himoglobini ikisagwa hutoa hemu, na chuma cha hemu ndicho kinachoivunja molekuli ya artemisinini na kuigeuza kuwa sumu kwa kimelea. Dawa hiyo, kwa maneno mengine, huamshwa na mlo wa kimelea chenyewe.

Mwaka 2014 mabadiliko katika jeni ya Kelch13 yalitambuliwa kama alama ya usugu wa artemisinini nchini Kambodia. Kazi ya protini hiyo haikujulikana hadi mwaka 2020, pale watafiti wa Taasisi ya Bernhard Nocht, Hamburg, walipoonyesha kwamba Kelch13 ni sehemu ya mtambo wa endositosisi wa kimelea kikiwa katika hatua changa ya pete. Kimelea chenye Kelch13 iliyobadilika humeza himoglobini kidogo katika hatua hiyo, huamsha dawa kidogo, na huweza kuvumilia saa chache ambazo artemisinini huwa na nguvu katika damu. Gharama yake ni njaa: kimelea hupata asidi amino chache na hukua kwa shida.

Usugu huo sasa uko katika ukanda huu. Badiliko la R561H liliripotiwa Rwanda mwaka 2020. A675V na C469Y yaliripotiwa kaskazini mwa Uganda mwaka 2021. R622I limeripotiwa Eritrea. Na R561H limeonekana pia mkoani Kagera, Tanzania, unaopakana na Rwanda na Uganda. Kwa kuwa usugu huu ni wa sehemu, dawa mseto bado huponya pale dawa mwenza inapokuwa imara. Hapo ndipo penye hatari: artemisinini ikichelewa kupunguza vimelea, mzigo wote huangukia dawa mwenza, nayo ikishindwa hakuna kinachobaki katika kidonge hicho.

6.0 Maana kwa sera na utafiti

Mambo manne yanajitokeza. La kwanza, miongozo ya tiba isomwe kwa kuzingatia muda na marudio ya dozi, kwa maana dawa ileile huweza kuamsha kipokezi leo na kukiondoa kesho. Kamati za orodha za dawa muhimu zinapozitazama dawa za pumu, zilinganishe gharama ya tiba kamili, wala si bei ya kopo moja la salbutamoli. Mchanganyiko wa budesonaidi na formoteroli umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Swali lililobaki ni la bajeti na usambazaji.

La pili, ufuatiliaji wa Kelch13 hauwezi kufuata mipaka ya nchi wakati vimelea haviifuati. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu usugu wa dawa za malaria barani Afrika unahimiza ufuatiliaji imara na matumizi bora ya dawa. Kwa nchi za maziwa makuu, maana yake ya kivitendo ni sampuli kukusanywa kwa utaratibu mmoja pande zote za mpaka, matokeo kushirikishwa kabla ya kuchapishwa, na dawa mwenza kupimwa pamoja na Kelch13.

La tatu, habari ya PCSK9 inaonyesha thamani ya vinasaba vya Waafrika kwa sayansi ya dunia. Makubaliano ya utafiti yanapotiwa saini, suala la upatikanaji wa dawa itakayotokana na sampuli liwe sehemu ya mkataba tangu mwanzo. Sambamba na hilo, maabara za ukanda zinahitaji hadubini za kutazama seli hai na wataalamu wa kuzitumia, kwa sababu mahali pa kipokezi hapaonekani katika kipimo cha damu.

La nne ni istilahi. Mwalimu anayetumia ukuta kwa utando, au mtafsiri wa kijikaratasi cha dawa anayeandika kwamba dawa huua kipokezi pale inapokivuta ndani, hupanda uelewa ambao ni vigumu kuung'oa. Maneno utando, kipokezi, kifuko na endositosisi yakitumiwa kwa maana moja katika mitaala ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, mjadala wa wataalamu na wa watunga sera utakuwa na msingi mmoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utando wa seli na endositosisi ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Utando huamua nani atakutana na nani. Endositosisi huamua ujumbe utadumu kwa muda gani, utafika wapi, na kama seli itaweza kusikia tena. Kipokezi cha EGF kilichozuiwa kuingia hubadilisha jibu la seli, kipokezi cha LDL kisichoingia huleta maradhi ya moyo, kipokezi cha beta-2 kinachoingia mno hupunguza nguvu ya dawa, na kimelea kinachomeza kidogo hunusurika. Katika kila mfano molekuli husika zilijulikana kabla. Kilichokosekana kilikuwa kuzifuatilia zinakokwenda. Tathmini ya dawa mpya, na ya dawa za zamani zinazoanza kushindwa, itapungukiwa iwapo haitauliza swali hilo.